Mimea miwili ya urujuani wa Usambara juu ya mwamba mmoja: spishi moja au mbili?

#1 Mwamba_Kivuli

Salaam wakuu. Naleta mimea miwili tuichambue. Yote ni urujuani wa Usambara (Saintpaulia), imeota juu ya mwamba mmoja kando ya kijito, Usambara Mashariki, mwinuko wa mita 950 hivi. Kutoka mmoja hadi mwingine hakufiki mita moja na nusu.

Mmea A: shina limetambaa sm 14, pingili zinaonekana wazi. Jani kubwa kuliko yote lina bapa la urefu wa sm 6.5 na upana wa sm 6, kikonyo sm 11. Ukingo una meno makubwa, 13 hadi 15 kila upande. Ua ni zambarau hafifu, kooni limekolea. Shada lina maua 3.

Mmea B: shina halionekani, majani yamekaa duara na kulala juu ya mwamba. Bapa sm 5 kwa sm 4.8, kikonyo sm 5. Meno ya ukingo yamefifia, ukipapasa ndipo unayapata. Ua ni zambarau iliyokolea, rangi moja mwanzo mpaka mwisho. Shada lina maua 5.

Vinyweleo vya upande wa juu wa jani, kwa lenzi ya mara 10, ni vilevile kwenye mimea yote miwili: virefu vilivyosimama, katikati yake vifupi vilivyosimama.

Msimamo wangu: vinyweleo ndiyo kitambulisho, rangi ya ua inadanganya. Kwa hiyo hii ni spishi moja. Anayepinga aje na kipimo.

#2 Pingili

Uzi wa maana. Mmea A ni grotei, mojawapo ya aina za Saintpaulia, hilo halihitaji kikao. Shina linalotambaa, kikonyo kirefu kinachonepa, bapa la mviringo, meno makubwa kama ya msumeno butu, na ni Usambara Mashariki. B ndiyo ya kujadili.

#3 Kipi_cha_Jogoo

Kabla hamjafika mbali, wanaopita wasibebe kosa. Huu si urujuani wa kweli. Urujuani wa kweli ni jenasi ya Viola, familia ya Violaceae. Saintpaulia ni familia ya Gesneriaceae. Jina lilikuja kwa kufanana tu: mwaka 1893 Hermann Wendland aliuita ionantha, maana yake kwa Kigiriki ni wenye ua kama la urujuani, na watu wakalibeba hivyohivyo.

Kuvitenganisha ni kazi ya sekunde tano. Geuza ua utazame nyuma. Viola ina kifuko kinachochomoza nyuma ya petali ya chini, kama kipi cha jogoo. Saintpaulia haina. Kisha tazama mbele: Saintpaulia ina vichavulio viwili vikubwa vya manjano vilivyotokeza nje, ukiwa hatua tatu unaviona. Vya Viola ni vitano, vimejificha kooni vimezunguka ovari.

#4 Mwamba_Kivuli

#3 shukrani. Nimeandika "urujuani wa Usambara" kwa sababu ndivyo watu wanavyouita, na mabanoni nikaweka Saintpaulia.

#5 Bi_Lenzi

Mwamba_Kivuli, hoja ya vinyweleo ni nzuri ila umeipima nusu. Umetazama wapi kwenye jani? Jani changa au pevu? Bichi au lililokaushwa?

Vinyweleo vinasomwa hivi. Chukua jani pevu la katikati, si la ndani kabisa ambalo bado linakunjuka, wala la nje linaloanza kuzeeka. Usilichume. Linyanyue kwa kidole, mwanga uje kutoka ubavuni, usije kutoka juu. Mwanga wa juu unafanya vinyweleo vyote vionekane vimelala. Tazama kwanza katikati ya bapa, nusu ya njia kati ya mshipa mkuu na ukingo, kwa sababu karibu na mishipa vinyweleo huwa virefu kuliko kwingine. Halafu jiulize maswali matatu: viko vya urefu mmoja au wa aina mbili? Vimesimama au vimelala? Vimesongamana au vimeachana?

Mfano wa kwa nini maswali hayo yana uzito: nitida ya milima ya Nguru na teitensis ya kilima cha Mbololo kule Taita zina vinyweleo vilivyolala, ndiyo maana majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Velutina ina vinyweleo vilivyosimama na jani lake ni mahameli tupu. Brevipilosa, jina lenyewe linakwambia, vyake ni vifupi. Shumensis ni vifupi vingi, na virefu vichache vimetokeza juu yake kama miti iliyobaki shambani.

Ukienda na jani lililobanwa kwenye karatasi umekwisha potea. Karatasi inalaza kila kitu, na mahameli ya velutina yanageuka kuwa vinyweleo vilivyolala. Makosa mengi ya majina kwenye vielelezo vikavu yanatoka hapo.

#6 Pingili

Bi_Lenzi ameua. Naongezea: upande wa chini wa jani nao usomwe. Rangi ya chini ya velutina ni nyekundu-zambarau hata kivulini. Kwa nyingine wekundu huo unakuja na kuondoka kulingana na mwanga, kwa hiyo usiutegemee.

#7 Mteremko

Mimi napinga #1 na #2 kwa pamoja.

Ndani ya kundi la ionantha vinyweleo haviwezi kutenganisha wala kuunganisha. Mtaalamu wa mimea B. L. Burtt alipozipanga spishi hizi kati ya miaka ya 1950 na 1960 alitegemea sana vinyweleo, na akapata spishi karibu ishirini. Marekebisho ya mtaalamu mwingine, Iain Darbyshire, ya mwaka 2006 yalizipunguza sana, nyingi zikaingizwa ndani ya ionantha kama nususpishi: grotei, orbicularis, velutina, pendula, rupicola na wenzake. Sababu ni kwamba ukipima mimea mingi ya pori badala ya mmoja uliokuzwa kwenye chungu, vinyweleo vinateleza kutoka aina moja kwenda nyingine bila mpaka.

Swali la "spishi moja au mbili" kwa mimea hii miwili limekwisha jibiwa kwenye karatasi: yote ni ionantha. Linalobaki ni kama ni nususpishi moja.

#8 Mwamba_Kivuli

#7 sawa, nimekubali upangaji wa 2006. Ila mtu aliye mbele ya mwamba bado anaona vitu viwili. Kuvipa jina moja hakuvifanyi vifanane.

#9 Jabali_Chokaa

Mbona hakuna aliyeuliza tunda? Hapo ndipo mnapokwama siku zote, mnakimbilia ua kwa sababu linapendeza.

Ionantha halisi, ile ya chini kuelekea Tanga, kwenye mawe ya chokaa, ina tunda fupi nene. Kwa grotei tunda ni jembamba na refu. Tunda linakaa miezi mingi kwenye mmea, ua linakaa siku chache. Chukua rula, pima urefu bila kuhesabu stilo, ule mrija mwembamba wa ua uliokauka kwenye ncha (wengi wanaijumlisha, inaongeza milimita kadhaa), kisha pima upana sehemu nene. Gawanya urefu kwa upana. Uwiano huo una nguvu kuliko urefu peke yake, kwa sababu tunda lililokosa maji hufupika na kusinyaa kwa pamoja.

Pima matunda yasiyopungua matano. Tunda moja lililochavushwa vibaya linakuwa na mbegu chache na kubaki kibete, utalidhania la spishi nyingine.

#10 Kipi_cha_Jogoo

Naunga mkono #9. Hata kwenye Viola za Ulaya wataalamu hawaanzi na rangi. Wanatazama sepali, vile vijani vya kijani vinavyoshika ua, kama ni butu au zimechongoka, kama mmea unatoa vikono vinavyotambaa, na rangi ya kile kifuko. Viola odorata ina vikono, Viola hirta haina, na vinyweleo vya kikonyo cha hirta vimetawanyika kwenda nje. Viola riviniana ina kifuko cheupe-weupe chenye mkunjo kwenye ncha, Viola reichenbachiana kifuko chake kimekolea kuliko petali. Ukiweka maua yao mezani bila kuyageuza, yote ni zambarau.

#11 Nyasi_Ndefu

Samahani naingilia. Kuna kiua cha zambarau nakiona juu milimani kwenye nyasi na kando ya njia za msituni, majani ya umbo la moyo, shina linatambaa. Nacho ni Saintpaulia?

#12 Kipi_cha_Jogoo

#11 hapana, huyo ndiye urujuani wa kweli tuliye naye. Kwenye milima ya Afrika Mashariki wako Viola abyssinica na Viola eminii. Geuza ua utakikuta kifuko. Kisha tazama panapoungana kikonyo na shina: kuna vijijani viwili vidogo vilivyochanika kama pindo la shuka. Saintpaulia haina vijijani hivyo kabisa. Majani ya Viola hizi yamepishana kwenye shina, na tunda likikauka linapasuka vipande vitatu na kurusha mbegu.

Mwingine wa familia hiyo ni Hybanthus enneaspermus wa nyanda za chini: jani jembamba, na petali moja ya chini kubwa kama ulimi, nyingine ndogo hazionekani. Na miti ya Rinorea iliyo ndani ya misitu ileile ya Usambara nayo ni Violaceae. Yaani juu ya mwamba wa Mwamba_Kivuli kuna mti ambao ni ndugu wa urujuani kuliko hicho kiua kinachoitwa urujuani.

#13 Nyasi_Ndefu

Asante sana. Nimegeuza picha, kifuko kipo.

#14 Pingili

Turudi kwenye mwamba. Kipi_cha_Jogoo akianza na Viola hatuoni mwisho wa siku.

#7 umesema vinyweleo vinateleza. Sawa. Umbo la mmea halitelezi? A ametambaa sm 14, B hana shina. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

#15 Mteremko

Umbo linateleza kuliko vinyweleo. Shina la grotei halizaliwi likitambaa. Mmea mchanga unaanza kwa duara la majani, kisha majani ya chini yanadondoka, shina linabaki wazi na kuanza kulala. B anaweza kuwa A ambaye hajazeeka.

Dalili ya kutazama: chini ya majani ya B, je, kuna makovu ya vikonyo vilivyodondoka? Yakiwa zaidi ya kumi na shina bado fupi, basi ufupi huo ni tabia yake. Yakiwa mawili matatu, ni mtoto.

#16 Bi_Lenzi

#15 una hoja nzuri ila B ana shada la maua 5. Mche mchanga mara nyingi unaanza na ua moja au mawili kwa shada. Na meno? Jani la mche mchanga lina meno machache, kweli, lakini hayo machache yanakuwa wazi. Ya B yamefifia.

#17 Kivuli_Kizito

Wakuu, mbona mwanga hamjauzungumzia? Mita moja na nusu kwenye mwamba wa kijito ni dunia mbili. Upande mmoja unapata jua la asubuhi, mwingine haupati kabisa.

Mmea ukikosa mwanga: kikonyo kinarefuka, bapa linakuwa pana na jembamba kwa unene, shada linapungua maua, na rangi ya ua inapauka. Ukipata mwanga zaidi: kikonyo kinafupika, bapa linakuwa dogo na nene, maua yanaongezeka na rangi inakolea. Sasa soma tena vipimo vya #1. A ana kikonyo sm 11, maua 3, rangi hafifu. B ana kikonyo sm 5, maua 5, rangi iliyokolea. Ni orodha ileile.

Mwamba_Kivuli atueleze kila mmoja umekaa upande gani.

#18 Jabali_Chokaa

Hapo #17 umegusa. Lakini mwanga haubadilishi mpangilio wa rangi ndani ya ua. Unaweza kuipausha petali nzima, hauwezi kuliacha koo peke yake likiwa limekolea. A ana koo lenye rangi nzito, B hana.

#19 Kivuli_Kizito

Koo la B linaweza kuwa limekolea vilevile, ila petali nazo zimekolea ndiyo maana halionekani. Weka petali kwenye kipande cha karatasi nyeupe ulitazame kwa mwanga unaopita. Usiamini jicho la kwanza.

#20 Bi_Lenzi

Na kamera. Kamera ya simu kivulini inageuza zambarau kuwa buluu. Weka karatasi nyeupe na rula kwenye picha ileile, mimea yote miwili ipigwe ndani ya dakika chache, bila mwako. Picha nne zinatosha: ua kwa mbele, ua kwa ubavu sepali zionekane, jani upande wa juu na wa chini, na mmea mzima pamoja na kitako chake. Hiyo ya nne ndiyo watu wanayoisahau na ndiyo inayohitajika.

#21 Chavua

Nimesoma mpaka hapa. Mimi nadhani B ni orbicularis. Jani la mviringo, mmea wa duara, maua mengi kwa shada.

#22 Mteremko

#21 hapana mkuu. Orbicularis ni ya Usambara Magharibi. Kati ya Magharibi na Mashariki kuna bonde la Lwengera, na mimea hii haishuki kwenye bonde kavu. Mbegu zake ni vumbi ila zinahitaji mwamba wenye unyevu pa kuota. Halafu orbicularis inajulikana kwa maua madogo yaliyopauka yenye koo lililokolea. Hiyo rangi ni ya A, na umbo ni la B. Umechanganya mimea miwili kuwa mmoja.

#23 Chavua

Nimekosea hapo, nakubali. Ila kuna aina ya orbicularis yenye ua lililokolea, ndiyo niliyoifikiria. Eneo limenishinda.

Hata hivyo nina swali lingine. Stilo ya A imeinama upande gani, na ya B upande gani? Kama A kushoto na B kulia, si ni dalili ya spishi tofauti?

#24 Jabali_Chokaa

Si dalili. Stilo ya Saintpaulia inaegemea kushoto kwenye ua moja na kulia kwenye ua jingine, na yote mawili yanaweza kuwa kwenye shada moja. Kazi yake ni ya uchavushaji. Nyuki akitua kwenye vile vichavulio na kuvuma, chavua inatoka kama vumbi na kumrukia ubavu mmoja, kisha anaibeba kwenda kwenye ua ambalo stigma yake, yaani ncha ya stilo inayopokea chavua, iko upande huo. Usiitumie kwa utambuzi.

#25 Pingili

Basi B ni confusa ya zamani. Ile ambayo Burtt aliipa jina hilo kwa sababu watu walikuwa wakiichanganya na nyingine, diplotricha ikiwemo. Ni ya Usambara Mashariki, inakaa duara, ua zambarau iliyokolea.

#26 Mteremko

Na confusa iliingizwa wapi mwaka 2006? Ndani ya nususpishi grotei, pamoja na magungensis na amaniensis. Kwa hiyo ukisema A ni grotei na B ni confusa, umesema kitu kimoja mara mbili.

#27 Pingili

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini hapo ndipo wengi hatukuridhika. Grotei ya Darbyshire ni gunia lenye mimea inayotambaa na isiyotambaa. Anayelinda msitu akiambiwa "grotei ipo" hajui kama zote mbili zipo au moja imekwisha.

#28 Mteremko

Gunia lina sababu. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 1997 ulikuta tofauti ndogo sana ndani ya kundi hili la Usambara na nyanda za chini, wakati zile za Uluguru kama goetzeana na pusilla zinajitenga vizuri. Hazina mipaka migumu kwa sababu hazijaachana muda mrefu.

#29 Bi_Lenzi

Ndiyo maana za Uluguru hazisumbui hata mgeni. Goetzeana: mmea mdogo unaotambaa, jani dogo la mviringo, ua limepauka na petali mbili za juu zina rangi zaidi. Pusilla: mmea mdogo kabisa, chini ya jani zambarau, ua rangi mbili, juu buluu chini nyeupe. Inconspicua: ua jeupe lenye rangi kooni tu. Hizo unazitaja umesimama. Shida yote iko kwenye ionantha.

#30 Jabali_Chokaa

Na rupicola ya pwani ya Kenya nayo usisahau, kule Kaloleni kwenye miamba ya chokaa. Jani la kijani kilichopauka linalong'aa kidogo. Hiyo eneo peke yake linakupa jina, hakuna nyingine karibu. Imebaki kwenye vipande vidogo vya mwamba, mwamba ukivunjwa kwa ajili ya mawe au miti ya kivuli ikikatwa basi. Saintpaulia haifi kwa kuchumwa tu. Ukimwondolea kivuli mwaka mmoja wa ukame unatosha.

#31 Mwamba_Kivuli

Nimerudi na majibu, wakuu. Nimepima bila kuchuma kitu.

Mwanga (#17): A uko upande usiopata jua kabisa. B uko juu kidogo, unapata jua la asubuhi kama saa moja na nusu.

Makovu (#15): B una makovu 17 kwenye shina la sm 3. Si mtoto.

Koo (#19): petali ya B iliyokuwa imedondoka yenyewe nimeiweka kwenye karatasi nyeupe. Rangi ni moja mpaka chini, koo halijakolea zaidi.

Tunda (#9): A, matunda matano, urefu mm 15 hadi 18, upana mm 3. B, matunda manne tu, urefu mm 10 hadi 12, upana mm 3.5 hadi 4.

Vinyweleo (#5): kwa mwanga wa ubavuni A vina aina mbili kama nilivyosema. B navyo aina mbili, lakini vifupi ni vingi zaidi. Hapa nilikosea mwanzoni niliposema ni vilevile. Nilitazama mwanga ukitoka juu.

#32 Bi_Lenzi

Kazi safi. Na umefanya vizuri kusema ulipokosea, inatusaidia wote.

#33 Jabali_Chokaa

Mnaona tunda sasa? A uwiano ni tano hadi sita. B ni karibu tatu. Tunda la B linaelekea kwenye ionantha ya chini. Kwangu B si grotei, si confusa. Ni ionantha halisi iliyopanda juu, au kitu cha katikati.

#34 Kivuli_Kizito

Mita 950 kwa ionantha ya nyanda za chini ni mbali. Wapi ingepata njia? Mbegu haipandi mlima yenyewe.

#35 Chavua

Inapandishwa na watu. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, hukohuko Usambara Mashariki. Mimea ya mapambo imezunguka kwenye vilima vile zaidi ya miaka mia moja. B anaweza kuwa mtoto wa mmea uliopandwa nyumbani kwa mtu. Mimea ya kundi hili ina kromosomu 30 karibu yote, inazaa machotara bila shida, na mbegu za machotara zinaota. Mmea wa chungu ukichanua karibu na msitu, nyuki haulizi.

#36 Pingili

#35 hii ni hoja nzito kuliko ile ya orbicularis, hongera. Lakini chotara wa bustani huwa na petali pana zinazopandiana na ua kubwa. B ua lake ni upana gani?

#37 Mwamba_Kivuli

B sm 2.3, A sm 2.5. Petali za B hazipandiani, zina nafasi. Mbili za juu ni ndogo kuliko tatu za chini kwenye mimea yote miwili.

#38 Pingili

Hiyo si sura ya bustani.

#39 Chavua

Kizazi cha kwanza labda. Kizazi cha tatu au cha nne kikirudi kuchanganyika na ya mwituni, sura ya bustani inapotea na kubaki rangi. Rangi moja iliyokolea bila koo ndiyo iliyochaguliwa sana na wakuzaji.

#40 Mteremko

Kuna njia rahisi kuliko bustani. Usambara Mashariki yenyewe, kutoka mto Sigi kupanda juu, ina mimea ya mwituni ya kila mwinuko. Hakuna haja ya mtu kuibeba, inapanda mwamba kwa mwamba, na katikati zinakutana ya chini na ya juu. Tunda la uwiano wa tatu ndilo ungelitarajia hapo.

Kipimo kinachokosekana ni mimea iliyo kati. Kwenye mwamba huo na miamba ya jirani, je, ipo yenye uwiano wa nne? Ikiwepo mingi, ni mteremko mmoja usio na mpaka na #7 inasimama. Isipokuwepo hata mmoja, kuna kitu kinazitenganisha.

#41 Kivuli_Kizito

Na mimi bado sijauacha mwanga. Tunda la B limekomaa kwenye jua la asubuhi juu ya mwamba unaokauka haraka. Matunda mafupi manene yanaweza kuwa ya ukavu. Tafuta mmea wenye sura ya B uliokaa kivuli kizito, au wenye sura ya A uliokaa kwenye jua. Mmoja tu unatosha kuniangusha.

#42 Nyasi_Ndefu

Swali dogo: mbona sehemu nyingine naona imeandikwa Streptocarpus ionanthus? Ni mmea mwingine?

#43 Bi_Lenzi

Ni uleule. Mwaka 2015 Saintpaulia iliingizwa ndani ya jenasi ya Streptocarpus, na mwisho wa jina ukabadilika kufuata jinsia ya neno: ionantha ikawa ionanthus. Wengi bado wanasema Saintpaulia, hata sisi hapa.

Ila usichanganye na Streptocarpus nyingine za milima hiyohiyo. Saxorum ina majani madogo manene yaliyozunguka shina, na ua lenye mrija mrefu. Caulescens ina shina lililosimama na majani yanayotazamana. Zote mbili tunda lake limesokotwa kama kamba, na jina Streptocarpus maana yake ni hiyo, tunda lililosokotwa. La Saintpaulia limenyooka, na mrija wa ua lake ni mfupi kiasi kwamba ua linaonekana bapa.

#44 Jabali_Chokaa

Na ndiyo maana wapo wasioukubali muunganiko huo mpaka leo.

#45 Mwamba_Kivuli

#40 na #41, nimeanza. Juu ya kijito kuna miamba mitatu. Wa kwanza: mimea 11 yenye matunda, yote uwiano kati ya tano na sita, yote inatambaa, yote kivulini. Wa pili: mimea 4, mitatu uwiano wa tano, mmoja nne na nusu. Huo wa nne na nusu unatambaa lakini meno yake yamefifia kama ya B, na ua halijachanua, kuna machipukizi mawili yaliyofunga.

Wa tatu sijaufikia, maji yamejaa.

#46 Mteremko

Huo wa nne na nusu ndio. Usisogeze kitu. Ua likichanua tazama koo kwanza.

#47 Kivuli_Kizito

Uko upande gani wa jua?

#48 Mwamba_Kivuli

Nusu kwa nusu. Majani matatu yanapata jua la asubuhi, mengine hayapati. Meno yamefifia kwenye yote, ya juani na ya kivulini.

#49 Pingili

Hesabu makovu ya huo pia. Na upige picha ya kitako, Bi_Lenzi asije akalalamika.